Betri Iliyoisha Tulipopumzika

Mmeniuliza wengi, na kila mmoja nimemjibu kipande. Aliyeleta simu iliyoingia maji nilimsimulia habari za mgambo, aliyekuja kununua vocha nilimsimulia habari za mlima, na mke wangu Tabea ameshasikia yote mara nne, mpaka nikianza tu anatoka nje. Sasa naandika mara moja, kwa utaratibu, wiki hii ambayo magoti bado yanakataa kupanda ngazi za duka.

Kwa asiyenijua, mimi ni Zakaria, fundi simu na redio hapa Vwawa. Baiskeli mliyoiona ikipita si ya kununua. Mwaka jana Waholanzi wawili, mume na mke, walikuwa wakishuka nayo kwenda kusini, wote wawili juu ya baiskeli moja ndefu, mmoja mbele mwingine nyuma. Mume akatumbukia kwenye mtaro hapa karibu na stendi, tena akitembea kwa miguu, akavunjika mkono. Walikaa kwetu siku tano. Walipoamua kurudi kwao kwa ndege, wakaniachia baiskeli, chaja na kijitabu cha maelezo.

Gia za baiskeli hiyo hazivutwi na waya wa chuma kama mlivyozoea. Ubavuni mwa mkono wa breki kuna vitufe. Ukibonyeza, kimota kidogo kule nyuma kinalia "zii" na mnyororo unahama. Nguvu inatoka kwenye betri yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, iliyokaa chini ya kishikio cha chupa ya maji. Kuna taa ndogo karibu na usukani. Ikiwa ya kijani, betri imejaa. Ikiwa nyekundu, imebaki kidogo. Nyekundu ikianza kupepesa, gia za mbele zinagoma kwanza, halafu za nyuma, na mnyororo unabaki pale pale ulipokuwa. Waholanzi waliniambia ikijaa inatosha wiki kadhaa.

Aliyekaa nyuma yangu ni Mwalimu Asheri wa Iyula, aliyenifundisha hesabu darasa la sita. Wengi mnajua kwamba presha ya macho ilimchukua. Ni mwaka wa nne sasa haoni kitu. Mkewe alikwisha kufariki, binti wa jirani ndiye anayempikia, na Mwalimu mwenyewe anashika mashina yake ya kahawa kwa mkono, moja baada ya jingine, anajua lipi limepata wadudu.

Mwanawe mkubwa, Gideoni, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa ameitisha kikao cha ukoo Ndalambo kwa dada yake Mwalimu, Bibi Yunisi, ambaye ameolewa huko na sasa hawezi kusafiri. Kikao ni Jumamosi saa nane mchana. Jambo la kuzungumza lilikuwa moja: Mwalimu ahamie Dar, shamba liuzwe. Gideoni alisema atampitia na gari.

Mwalimu alinitumia ujumbe niende Iyula. Nilipofika akaniambia, "Zakaria, nasikia una baiskeli ya watu wawili."

"Ninayo, Mwalimu."

"Yule wa nyuma anahitaji macho?"

Nikasema hahitaji, ila miguu.

"Basi nipeleke Ndalambo. Nikiteremshwa kwenye gari huku nimeshikwa mkono, kikao kitakuwa kimekwisha kabla sijakaa."

Ningekataa. Lakini huyu mtu ndiye aliyenibakiza darasani mwezi mzima mpaka nikaelewa hesabu za sehemu, wakati baba yangu alishaamua nikachunge.

Iyula mpaka Vwawa

Tuliondoka Jumanne asubuhi, taa ya kijani, majirani wamejipanga kando ya njia kama kuna harusi. Tulianguka kabla hatujapita kanisa. Mwalimu aliinuka akajipangusa, akasema, "Hesabu moja." Tulianguka mara tatu siku hiyo, na kila mara alitaja namba.

Nilidhani kazi yangu ni kuwa macho yake, basi nikawa namsimulia kila kitu: mahindi yamekomaa, kuna ng'ombe wanne, kuna mama amebeba ndizi. Baada ya nusu saa akaniambia, "Usinisimulie mahindi, nayasikia. Niambie mashimo."

Tangu hapo nilisema mashimo tu. "Shimo. Shimo. Mchanga. Breki." Mpaka leo nikilala nasema mashimo, Tabea ni shahidi.

Njia ile ya vumbi tuliimaliza alasiri, mabega yamekauka kama mbao. Tulilala kwangu. Baiskeli ndefu namna ile ukiiegemeza ukutani inateleza yenyewe, kwa hiyo usiku ule nilibuni mtindo wangu: nachukua ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, nakaza mkono wa breki kwenye usukani, baiskeli inatulia. Nikaifunga hivyo ndani ya duka, tukala ugali na maharage, tukalala.

Asubuhi taa ilikuwa nyekundu.

Nikasema labda chaja haikujaza vizuri kule Iyula, maana umeme wa kule unakuja na kuondoka. Nikaichaji upya mpaka taa ya chaja ikazima yenyewe, ishara kwamba imejaa. Hiyo ilitupotezea saa mbili za ubaridi wa asubuhi, ambazo ndizo saa nzuri za kuendesha.

Vwawa mpaka Tunduma

Barabara kuu ni lami, lakini ni lami ya malori. Yakija kwa nyuma upepo wake unakusukuma pembeni, yakija kwa mbele unakurudisha. Mwalimu aliyajua kwa sauti. Alikuwa akisema, "Hili lina tela mbili, kaa kushoto," na kweli zinapita mbili.

Gia zilifanya kazi siku nzima bila kosa. Kwenye vilima nilibonyeza, zii, miguu ikapata nafuu. Kila tuliposimama watu walitujia. Waliona waya, waliona betri, na swali likawa lile lile kuanzia Vwawa mpaka mwisho wa safari.

"Ina betri, mbona mnakanyaga?"

"Betri ni ya kubadilisha gia tu."

"Kwa hiyo haisukumi?"

"Haisukumi."

"Sasa ina faida gani?"

Tulipofika Mpemba, mama muuza mihogo ya kuchemsha alituhurumia kabisa. Aliamini tumeuziwa pikipiki mbovu. Alituongezea vipande viwili na chumvi yenye pilipili, akamwambia Mwalimu, "Pole baba, wauzaji wa siku hizi si watu."

Tunduma tulifikia kwa Mzee Mfaume, mtu wa Kigoma anayeuza vipuri vya malori, mteja wangu wa miaka mingi. Mkewe, Bi Mwajuma, alitupikia pilau. Niliifunga baiskeli uani kwake kwa mtindo wangu ule ule, breki imekazwa na mpira, nikaifunika turubai kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Mvua ilinyesha alfajiri.

Asubuhi taa nyekundu ilikuwa inapepesa. Nilibonyeza gia za mbele, kimya. Nilibonyeza za nyuma, mnyororo ukahama mara moja, ukakataa. Tena niliuona uko kwenye gia ngumu kuliko zote, wakati nakumbuka nilifika na gia nyepesi. Nikajiambia nimesahau, ni uchovu. Hilo ndilo kosa ambalo fundi hatakiwi kufanya, nami nimelifanya mbele ya macho yangu mwenyewe.

Tunduma, siku ambayo hatukuipanga

Alhamisi yote iliishia hapo. Umeme haukuwepo mji mzima. Mzee Mfaume ana jenereta, lakini alikuwa ameikopesha kwa msiba, nasi tukasubiri mpaka adhuhuri irudishwe.

Wakati tunasubiri nilifanya kazi ninayoijua. Nilitoa betri, nikafuta vile vishaba vyake vya kupitishia umeme kwa spiriti na kitambaa safi. Nilifungua viungio vya waya kimoja kimoja nikitafuta maji. Kimoja kilikuwa na unyevu kidogo, nikakikausha na kukizungushia nailoni. Nilipima betri kwa mita yangu: imekauka kabisa. Mwalimu alikaa kwenye debe tupu karibu yangu akiniuliza kila hatua, kama alivyokuwa akituuliza ubaoni.

"Umeonaje?"

"Betri inaisha usiku, Mwalimu, mchana haiishi."

"Basi ama betri inavuja yenyewe, ama kuna kitu kwenye baiskeli kinainywa. Utajuaje ni kipi?"

Niliiweka mita chini. Kisha nikasema, "Nikiijaza, nikaitoa, nikalala nayo mbali na baiskeli."

"Andika hivyo," akasema, kana kwamba nina daftari.

Dereva mmoja wa Zambia aliyekuja kununua bolti alisimama akatutazama. Alimwamkia Mwalimu, "Mulishani, ba tata," na Mwalimu akamjibu kwa Kibemba, maana ujanani aliwahi kufanya kazi Kitwe. Wakazungumza mpaka mimi nikasinzia. Nilipoamka, dereva alikuwa amekwenda na kurudi na betri ya lori mabegani. Alikuwa ameelewa kwamba mzee kipofu amekwama kwa kukosa betri. Alitaka kutupa bure. Ilituchukua muda mrefu kumweleza bila kumvunja moyo, na aliondoka akitikisa kichwa.

Jenereta ilirudi, nikachaji, nikaitoa betri, nikalala nayo chini ya mto. Ijumaa asubuhi nilipoirudisha mahali pake taa ilikuwa ya kijani, imara. Kumbe betri ni nzima. Baiskeli ndiyo iliyokuwa inakunywa. Nikaamini ni ule unyevu, nikaweka kanuni: kila tukilala, betri inatolewa. Mwalimu akasema, "Umepata dawa ya kuzuia. Ugonjwa hujaujua." Nilikuwa nimechoka mno kubishana naye.

Tunduma mpaka ofisi ya kijiji

Mwaka huu barabara ya kwenda Sumbawanga inawekwa lami vipande vipande. Magari yalipitishwa chini, kwenye njia za muda zenye vumbi la kuzama. Baiskeli na watembea kwa miguu walipita juu ya tuta jipya lililoshindiliwa, ambalo bado lilikuwa limefungwa kwa mawe makubwa kila mahali. Kwenye kila safu ya mawe tulishuka, tukainua baiskeli, tukapanda tena. Nilihesabu mpaka ishirini na nane nikaacha.

Jua lilikuwa kali. Mwalimu ana miaka sitini na minane na hakulalamika, ila aliacha kuongea, na hilo lilinitisha zaidi. Makalio yangu yalikuwa yamechubuka. Tulikunywa maji yote kabla ya saa saba.

Karibu saa kumi tuliingia kijiji kimoja cha Momba kuomba maji. Mwalimu alishuka na fimbo yake nyeupe, ile ya kukunja, akaikunjua mbele ya watu. Mimi nikainama kukagua taa na waya. Hatukupewa maji. Dakika chache tu tulizungukwa, na mgambo wawili walikuwa wameshika usukani.

"Hiyo mashine inapima nini?"

"Haipimi kitu. Ni gia."

"Na hiyo antena ya mzee?"

"Ni fimbo. Mzee haoni."

"Haoni, halafu yuko kwenye baiskeli?"

Kumbe miezi michache nyuma walipita watu na vyombo vyenye taa wakidai wanapima madini, wakachimba mashimo kwenye mashamba ya watu, wakatoweka. Kijiji kilikuwa kimeapa kwamba wengine hawatapita. Nilieleza gia, nikabonyeza kitufe waone. Mota ilipolia zii, walirudi nyuma hatua mbili, na hapo nikajua nimeharibu.

Mtendaji wa kijiji alikuwa amekwenda wilayani, angerudi asubuhi. Waliamua baiskeli ilale ndani ya ofisi, imefungwa, na mtu asiiguse. Nilikaza breki na mpira isije ikaanguka. Niliomba nitoe betri tu. Yule mgambo mkubwa akasema, "Hicho ndicho hatutaki ukitoe."

Hawakututendea ubaya, nasema kweli. Tulilazwa kwa mjumbe mmoja, tukapewa ugali wa ulezi na mlenda, na maji ya kuoga yaliyopashwa moto. Mke wa mjumbe alimwandalia Mwalimu mkeka mnene kuliko wangu. Lakini mimi nilijua kinachotokea ndani ya ile ofisi.

Kutoka ofisi ya kijiji mpaka Ndalambo

Mtendaji alifika Jumamosi saa mbili asubuhi, mama mmoja mwenye haraka, anatoka kwenye kikao anakwenda kwenye kikao. Alimwona Mwalimu akamwamkia shikamoo kabla hajauliza lolote, akaiangalia baiskeli, akawaangalia mgambo. "Hii ni baiskeli," akasema. Akatuomba radhi. Kutuomba radhi hakukujaza betri.

Taa haikuwaka kabisa. Mnyororo umekaa kwenye gia ngumu kuliko zote. Mbele yetu kulikuwa na mlima mrefu, kikao ni saa nane, na kijiji hakina umeme. Kinyozi mwenye sola alikuwa amekwenda gulioni na ufunguo wake.

Nilikaa chini kwenye ngazi ya ofisi. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye baiskeli, anapitisha vidole juu ya usukani taratibu, kama anavyofanya kwenye kahawa zake.

"Zakaria, huu mpira ni wa nini?"

"Wa kukaza breki, isiteleze."

"Unaufunga kila tunapolala?"

"Kila siku."

"Njoo uweke kidole chako hapa, chini ya kidole changu."

Nikaweka. Mpira ulikuwa umekaza breki, na kwa upande wa ndani ulikuwa umelalia kitufe cha gia, umekibonyeza mpaka mwisho. Usiku kucha. Iyula, nilikoilaza baiskeli chini, haukuwepo, Vwawa ulikuwepo, Tunduma ulikuwepo, na hapa ulikuwepo. Mashine haikulala kwa sababu mtu alikuwa anaiambia kila wakati, badilisha, badilisha, badilisha. Na mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimefuta shaba, nimekausha waya, nimelaumu umeme, nimelaumu mvua.

Nilifungua mpira nikautupa mbali. Mwalimu hakusema "nilikuambia". Aliuliza tu, "Sasa tunafanyaje?"

Hapo ndipo kazi yangu ya duka ilipotusaidia. Betri ya baiskeli ile ni volti saba na kidogo. Betri ya simu ya kawaida ni nusu yake. Ukiunganisha mbili, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine, unapata ile ile. Nilikuwa na simu yangu, Mwalimu alikuwa na yake, zote zilikuwa na chaji, maana pale kijijini hakuna mtandao na tulizizima tangu jana. Nikamweleza. Kisha nikamweleza na upande wa pili.

"Mlimani juu mtandao upo, Mwalimu. Tukibaki na simu, tutampigia Gideoni, tumwambie tumechelewa, au aje na gari. Nikizitoa betri, hatuna simu."

Mgambo walikuwa wanasikiliza, na mtendaji naye alikuwa amesimama na pochi yake mkononi.

"Toa," akasema.

Mtendaji alichukua namba ya Gideoni, akaahidi kwamba akifika penye mtandao atampigia amwambie tuko njiani. Nikaunganisha betri kwa vipande vya waya na selotepu, nikazifunga kwa plasta chini ya kishikio cha chupa. Yule mgambo mkubwa ndiye aliyenishikia. Nilibonyeza kitufe. Zii. Mgambo akapiga makofi, na mjumbe akamwita mkewe aje aone.

Sitausimulia mlima. Tuliupanda kwa gia nyepesi kabisa, polepole kiasi kwamba mama mwenye kuni kichwani alitupita, akatusubiri, akatupa pole, akatupita tena. Nilibadilisha gia mara chache nilivyoweza, kwa sababu sikujua zile betri zitavumilia vipi. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Mara moja Mwalimu alitapika kando ya tuta, akasukutua, akasema, "Twende." Nilimwomba tusimamishe lori la saruji lililokuwa likipita kule chini. Akasema, "Wewe panda kama umechoka. Ila uniachie mtu wa kukaa mbele."

Sikupanda.

Ndalambo

Tulifika saa kumi na moja jioni. Nilitegemea kikao kimekwisha. Nilichokuta ni wanawake wamekaa chini uani na kanga mabegani, na mtu analia ndani.

Mtendaji alikuwa ametimiza ahadi. Alipiga. Lakini mtandao ulikuwa wa kukatikakatika, na sentensi aliyoianza ilikuwa, "Jana tuliwakamata baba yako na mwenzake." Nyingine hazikufika. Gideoni alijaribu simu zetu, zote zimezimwa. Aliingia kwenye gari akaenda Tunduma kwa njia ya chini, kwenye vumbi, wakati sisi tunapita juu ya tuta. Tulipishana naye mahali fulani na hakuna aliyejua.

Bibi Yunisi alitoka akijishika ukutani. Ni mwanamke mkubwa, anatembea kwa shida. Alimpapasa kaka yake uso, mabega, magoti yenye damu iliyokauka, kisha akampiga kofi dogo la shavuni. "Umetuua," akasema, halafu akaagiza maji ya moto.

Gideoni alirudi jua linazama. Aliposhuka kwenye gari alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Sikuwahi kumwona mtu mzima namna ile.

"Nimekwenda polisi, baba. Nimekwenda hospitali. Nimeuliza mpaka chumba cha maiti. Unajua maana ya kuuliza kule?" Akajifuta vumbi machoni. "Hili ndilo nililokuwa nasema! Hili hasa!"

Nilitaka kusema kosa ni langu, mpira ni wangu. Mwalimu aliinua mkono kunizuia.

"Njoo hapa," akamwambia. Gideoni akaenda, akapiga magoti, na Mwalimu akamshika kichwa. "Simu tungeweza kubaki nazo. Zakaria aliniuliza, mimi ndiye niliyechagua. Nisamehe, mwanangu. Sikujua itakufikia hivyo."

Gideoni alilia pale pale, kwenye mapaja ya baba yake, na sisi wengine tukajifanya tunatafuta vikombe. Baadaye, tukiwa tunakula wali na kuku, aliuliza kwa sauti ndogo, "Lakini betri za simu zinaendeshaje baiskeli?"

"Haziendeshi," Mwalimu akasema. "Miguu ndiyo inaendesha."

Jumapili, kabla ya kanisa, Gideoni alinijia nikiwa nimelala kwenye mkeka, siwezi kukunja mguu. Aliomba baiskeli. Nilimwonyesha vitufe, breki, taa. Nilimwambia, baiskeli ikisimama, kitu chochote kisiguse hivi vitufe. Akakaa mbele, baba yake nyuma. Wakaanguka kwenye lango la Bibi Yunisi. Nilisikia Mwalimu akitaja namba, kisha akisema, "Usiangalie tairi. Angalia mbele, uniambie mashimo. Kazi nyingine niachie."

Hawakufika kanisani. Walirudi saa saba, shati la Gideoni limechanika kiwiko, wote wawili wamelowa jasho. Kikao kikakaa alasiri. Wazee walimpa nafasi aanze, maana ndiye aliyekiitisha. Alisimama, akasema, "Nilidhani baba yuko gizani amekaa tu ananisubiri nije. Leo kwenye ule mteremko mimi ndiye niliyeogopa, yeye akaniambia breki ziko sawa, amezisikia. Shamba sitaliuza. Akitaka kuja Dar, atasema mwenyewe."

Mzee mmoja wa upande wa mumewe Bibi Yunisi alipinga, akasema mtu asiyeona hawezi kuachwa peke yake na ekari zile. Mwalimu akamjibu bila ukali kwamba hata yeye mwenyewe usiku halali kwa raha, anaogopa moto, anaogopa nyoka, na kama kuna mtu wa ukoo anayetaka kuja kuishi naye Iyula atampokea kwa mikono miwili. Mpwa wake mmoja mjane alisema yuko tayari. Ikawa hivyo. Kikao hakikumaliza hata saa moja.

Kurudi

Mimi nilirudi Jumatatu kwa lori la saruji, nimekaa mbele na dereva, na sikuangalia dirishani hata mara moja. Nilikuwa nimerudishiwa betri ya simu yangu, kwa sababu Mwalimu na Gideoni walinunua betri nyingine mbili za simu dukani Ndalambo wazifunge pale wakati ile kubwa inasubiri umeme. Gideoni alikuwa ameacha gari kwa shangazi yake na kuomba siku zaidi kazini. Walitaka kurudi Iyula kwa baiskeli.

Walipita Vwawa Alhamisi. Tabea ndiye aliyewaona kwanza akaniita. Gideoni alikuwa amebabuka pua na amekonda, anasema "shimo, mchanga, shimo" bila kujua kwamba tunasikia, na Mwalimu nyuma anakanyaga kichwa kimeinama. Walikunywa maji, wakala ndizi. Gideoni alinionyesha taa, ya kijani, akasema tangu Tunduma hajaichaji. Mwalimu alinishika mkono akaniuliza kama magoti yangu yamepona. Nikasema bado. Akasema na yake bado.

Tabea aliniuliza kama nitawasindikiza mpaka Iyula, njia si ndefu. Nilivuta kiti nikakaa. Wakapanda, wakayumba kidogo, wakashika njia, na nilibaki pale kivulini nikiwasikiliza mpaka ile sauti ya Gideoni ikapotea kwenye mahindi.